Mkate wa Ngano Isiyokobolewa Uliookwa Nyumbani: Tathmini ya Unga, Lishe na Kikombe cha Chai

Katika maduka ya Dar es Salaam, unga wa ngano isiyokobolewa, ambao wengi wanaufahamu kwa jina la atta, hauuzwi tena kwa wapika chapati za Kihindi peke yao. Siku hizi hununuliwa na watu walioshauriwa na daktari wapunguze uzito, na wazazi wanaotaka watoto wao wale mkate ulio bora kuliko ule mweupe wa dukani, na hata na watu ambao wameingiwa tu na hamu ya kuoka. Tathmini hii inahusu mkate unaotokana na unga huo unapookwa nyumbani, na inauliza jambo moja tu: je, lishe inayosifiwa kwenye pakiti inamfikia kweli mlaji? Jibu langu ni kwamba sehemu yake kubwa inamfikia bila masharti yoyote, lakini madini yake, hasa chuma na zinki, hutegemea muda ambao donge limeachwa liumuke na kinywaji kinachoteremshia mkate huo.

Mkate nilioutumia kama kipimo hauna mbwembwe. Ni gramu 500 za unga, mililita 375 za maji, vijiko viwili vya chakula vya mafuta, gramu 8 za chumvi na hamira, basi. Hakuna sukari, hakuna maziwa, hakuna mayai. Ukishaokwa na kupoa, huwa na uzito wa karibu gramu 800, na kwa kisu kizuri hutoa vipande 20 vya gramu 40 kila kimoja. Nimeuoka kwa atta ya pakiti, na nimeuoka pia kwa ngano niliyoinunua ikiwa punje na kuipeleka kwenye mashine ya kusaga ya mtaani, kisha nikaulinganisha na mikate ya kahawia inayouzwa tayari imekatwa.

Kwanza tutazame punje yenyewe. Punje ya ngano ina sehemu tatu: ganda la nje, ambalo likitengwa huitwa pumba na kuishia kwenye banda la ng'ombe au kuku, na ambalo ni takriban asilimia 14 ya uzito wote, kiini, ambacho ndicho kinachochipua mche, nacho hakizidi asilimia 3, na sehemu kubwa ya kati, karibu asilimia 83, ambayo ni wanga na protini ya kulisha mche huo. Unga mweupe ni hiyo sehemu ya kati peke yake. Mtanzania hahitaji maelezo marefu hapa, kwa kuwa tofauti ya unga mweupe na unga wa ngano nzima ni ile ile ya sembe na dona: kinachoondolewa ili unga upendeze machoni ndicho kilichobeba makapi-mlo, vitamini za kundi B, vitamini E na madini mengi.

Kwa takwimu, gramu 100 za unga wa ngano nzima huwa na makapi-mlo, au nyuzinyuzi kama wengine wanavyoyaita, kati ya gramu 10 na 12, ilhali unga mweupe una gramu zisizofika 3. Magnesiamu katika unga wa ngano nzima ni karibu miligramu 137, dhidi ya 22 katika unga mweupe. Zinki ni takriban miligramu 2.6 dhidi ya 0.7, na chuma ni miligramu 3.6 dhidi ya 1.2 katika unga mweupe ambao haujaongezwa kitu. Protini nayo hupanda, kutoka gramu 10 hadi 13. Nguvu, hata hivyo, hazitofautiani kwa kiasi cha kutajika, kwa maana ni kilokalori 340 dhidi ya 364, na kwa hiyo anayeamini kwamba anaweza kula vipande sita badala ya vitatu kwa sababu mkate ni wa kahawia atashangazwa na mizani. Mkate huu humsaidia mtu kupunguza uzito kwa njia moja tu, nayo ni kwamba unashibisha mapema.

Tukizihamishia takwimu hizo kwenye kipande cha gramu 40, tunapata kilokalori 90 na ushei, protini zaidi kidogo ya gramu 3, na makapi-mlo yanayokaribia gramu 2.7. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mtu mzima apate angalau gramu 25 za makapi-mlo kwa siku kutoka kwenye chakula chenyewe. Vipande viwili vya asubuhi, basi, vinampa mlaji zaidi ya moja ya tano ya mahitaji yake kabla hata hajafikiria maharage na mboga za mchana, wakati vipande viwili vya mkate mweupe wa uzito ule ule vingempa gramu moja na nusu hivi. Faida hii haina masharti. Haihitaji ustadi wa mwokaji, haipotei kwenye moto, na anayesumbuliwa na kufunga choo ataiona mapema, mradi anywe maji ya kutosha. Tafiti nyingi zilizofuatilia watu kwa miaka mingi zimewakuta walaji wa nafaka zisizokobolewa wakipatwa kwa uchache zaidi na maradhi ya moyo, kisukari cha ukubwani na saratani ya utumbo mpana, na ingawa tafiti za aina hiyo haziwezi kumaliza ubishi wote, zinaelekea upande mmoja.

Mikate ya kahawia ya dukani ni suala jingine. Baadhi yake ni mizuri, lakini mingine ni unga mweupe uliorudishiwa pumba kidogo, na mingine imepata rangi yake kwa sukari iliyounguzwa. Dawa ya hili ni kusoma karatasi ya mkate, kwa kuwa viambato huandikwa kwa kufuata uzito wake, kilicho kingi kikitangulia: kama neno la kwanza ni "unga wa ngano" bila sifa yoyote, na pumba zimetajwa mbali huko chini baada ya sukari na mafuta, mnunuzi ajue amelipia rangi. Mikate mingi ya viwandani ya kwetu, hata ile ya kahawia, ina sukari inayotambulika kwa ulimi, na chumvi yake mlaji hawezi kuipima. Ninaona kwamba hapa ndipo kuoka nyumbani kunapolipa zaidi. Kwa kipimo nilichokitaja hapo juu, kila kipande kina gramu 0.4 za chumvi, na anayekula vinne kwa siku amekula gramu 1.6, ilhali kiwango ambacho Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima asikifikie kwa siku nzima ni gramu 5. Mwenye shinikizo la damu anaweza kuipunguza hadi gramu 5 kwa mkate mzima; ladha itapoa, lakini mkate utaumuka, tena utaumuka haraka zaidi.

Kuhusu unga wenyewe, atta ya pakiti ndiyo rahisi kuipata na ndiyo laini, na donge lake hukandika bila kung'ang'ania mikono kupita kiasi. Tatizo lake ni kwamba si kila pakiti ina punje nzima. Kwenye vinu vikubwa vya rola, pumba na kiini hutengwa kwanza na baadaye hurudishwa kwa kiwango ambacho mwenye kinu amekitaka, na kwa sababu kiini kina mafuta yanayofanya unga uchache haraka, kuna kishawishi cha kukiacha nje. Namna ya kupima nyumbani ni kuuchekecha unga kwenye chekecheo la matundu madogo: atta ya kweli huacha pumba zinazoonekana na kushikika, na isiyo ya kweli hupita karibu yote. Jedwali la lishe kwenye pakiti husaidia pia. Likionyesha makapi-mlo ya gramu 5 au 6 kwa kila gramu 100, hiyo si ngano nzima hata ikiitwa hivyo kwa herufi kubwa.

Ngano ya punje hupatikana kwa wauza nafaka wa masoko makubwa na kwenye maduka ya vyakula vya Kihindi ya Kisutu na Upanga. Anayeinunua aseme wazi kwamba anataka ambayo haijakobolewa, kwa maana ile ya bokoboko, inayouzwa kwenye maduka hayo hayo, imeshavuliwa ganda lake, na akiisaga atakuwa amejisumbua bure. Punje zipepetwe na kuchaguliwa mawe kabla ya kupelekwa mashineni, na mwenye mashine aombwe apitishe kwanza ngano kidogo ya kusafishia njia, vinginevyo unga utarudi nyumbani una mahindi ya mteja aliyetangulia. Unga wa mashine hutoka ukiwa wa moto. Usipoanikwa kwenye sinia upoe, utafanya unyevu ndani ya ndoo na kuharibika. Mkate wake huwa mzito zaidi, wenye chembechembe, na una harufu ambayo atta ya pakiti haina. Kwa ladha, mimi ninauweka mbele. Kwa wepesi, hapana.

Sasa nije kwenye madini, ambako sifa nyingi za mkate huu hutolewa bila uangalifu. Pumba la ngano, pamoja na kubeba chuma na zinki, limebeba pia fitati, ambayo ni akiba ya fosforasi ya punje. Fitati hushikamana na chuma na zinki tumboni kiasi kwamba utumbo hauwezi kuvifyonza, na kwa hiyo mtu anaweza kula mkate wenye chuma mara tatu ya mkate mweupe na bado akanufaika na sehemu ndogo sana ya ziada hiyo. Katika nchi ambayo Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulikuta asilimia 45 ya wanawake wa umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu, hili si jambo la kulipuuza, wala si jambo la kumwambia mama mjamzito kwamba mkate wa kahawia "unaongeza damu" na kumwacha hapo.

Bahati nzuri ni kwamba punje hiyo hiyo ina kimeng'enya kinachoivunja fitati, na kimeng'enya hicho huamka pale unga unapolowana na kuanza kuchachuka. Kinafanya kazi vizuri zaidi donge likiwa na uchachu wa wastani, na kinahitaji muda. Mkate uliotiwa hamira nyingi, ukaumuka kwa saa moja na kuingizwa ovenini, haukukipa nafasi; mkate ulioachwa usiku kucha, au uliotiwa chachu ya donge la zamani kama walivyofanya waokaji wengi kabla ya hamira za paketi, huwa umepoteza kiasi kikubwa cha fitati yake. Ndiyo maana sikubaliani na mapishi ya haraka ya mkate huu, yale ya "dakika 90 tu", ambayo yanafaa kwa unga mweupe na hayaufai huu.

Utaratibu ninaoupendekeza si mgumu. Usiku, unga wote uchanganywe na maji na chumvi na hamira kidogo sana, isiyozidi robo ya kijiko cha chai, ukandwe kwa muda mfupi tu, ufunikwe na kuachwa. Kwa joto la Pwani donge litakuwa limeumuka kabla ya alfajiri, na asiye na jokofu alianze kwa kuchelewa, saa nne au saa tano za usiku, ili lisije likapitiliza na kuporomoka. Mwenye jokofu anaweza kuliacha nje kwa saa mbili kisha akaliingiza ndani hadi mchana wa pili. Mafuta yaongezwe asubuhi wakati wa kulifinyanga. Muda huu mrefu una faida ya pili: ncha za pumba, ambazo hukatakata nyuzi za gluteni, ile protini ya ngano inayolifanya donge livutike, na kuufanya mkate uwe kama tofali, huwa zimelainika kwa maji, na donge ambalo jioni lilionekana gumu na lenye kubomoka huwa asubuhi limekuwa nyororo. Anayelalamika kwamba mkate wa atta hauumuki, mara nyingi ametumia maji kidogo na muda mfupi.

Oveni si lazima. Sufuria nzito iliyopakwa mafuta, ikawekwa ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga uliokwisha pata moto, na mfuniko ukapaliwa makaa, moto mwingi juu na mdogo chini, hutoa mkate mzuri wenye ganda gumu, ambao kwa maoni yangu unapita ule wa oveni ndogo za umeme.

Kisha kuna chai. Kifungua kinywa cha watu wengi wa Afrika Mashariki ni mkate na chai ya rangi au ya maziwa, na majani ya chai yana tanini inayokishika chuma cha mimea kama fitati ifanyavyo. Kikombe kimoja kinachonywewa pamoja na chakula kinaweza kupunguza ufyonzwaji wa chuma hicho kwa zaidi ya nusu. Mtu aliyeacha donge lake usiku kucha ili aivunje fitati, kisha akauchovya mkate kwenye chai ya rangi iliyokolea, amejenga kwa mkono mmoja na kubomoa kwa mwingine. Simwambii mtu aache chai, kwani ushauri huo hakuna atakayeufuata. Ninachosema ni kwamba wenye upungufu wa damu, wajawazito na wasichana wanaopata hedhi wangefanya vyema kuinywa saa moja au zaidi baada ya kula, na mkate wauteremshie juisi ya ukwaju isiyo na sukari nyingi, au maji tu, wakila na chungwa, embe, pera au papai. Vitamini C iliyomo kwenye matunda hayo hukirahisishia chuma kufyonzwa, na pera ndilo linaloongoza kwa wingi wake.

Kwa mwenye kisukari, nina tahadhari. Kuna kipimo cha kasi ya chakula kupandisha sukari kwenye damu, ambacho glukosi hupewa alama 100, na majedwali ya kimataifa yaliyochapishwa 2008 yaliupa mkate mweupe wa ngano wastani wa alama 75 na ule wa ngano nzima 74. Tofauti ni hiyo tu, alama moja, kwa sababu pumba likisagwa laini halizuii wanga kumeng'enywa. Kinachosaidia ni punje kubaki na umbo lake: ukiloweka kikombe cha ngano nzima usiku, ukaichemsha mpaka iwe laini na kuitia kwenye donge, mkate utapandisha sukari taratibu zaidi, na pia utatafunika vizuri. Uchachu wa donge la usiku kucha nao husaidia. Lakini idadi ya vipande bado inabaki kuwa ndiyo hesabu kuu, na mkate wa nyumbani, kwa kuwa ni mtamu kula ukiwa bado una joto, huivuruga hesabu hiyo kwa urahisi.

Protini ya ngano ni nyingi kiasi, ila ina upungufu wa laisini, kimojawapo cha vijenzi vya protini ambavyo mwili hauna budi kuvipata kwenye chakula, na upungufu huo hujazwa na maharage, dengu, maziwa, mayai au dagaa. Mkate huu kwa maharage ya nazi ni mlo kamili kuliko mkate huu kwa siagi na jemu, na ni wa bei nafuu zaidi.

Jambo moja ambalo wapenzi wa vyakula asilia hawalipendi, lakini ni kweli, ni kwamba unga mweupe wa viwandani wa leo si ule wa zamani. Tanzania iliweka kanuni za kuongeza virutubishi kwenye unga wa ngano wa viwandani mwaka 2011, na Kenya ikafuata 2012, na virutubishi vinavyoongezwa ni pamoja na chuma, zinki, asidi ya foliki na vitamini B12. Ngano iliyosagwa kwenye mashine ya mtaani haina nyongeza hiyo. Ina foliki yake ya asili, lakini ni kidogo kuliko inayoongezwa kiwandani, na vitamini B12 haina kabisa. Kwa mwanamke anayetarajia kupata mimba hili lina uzito wa pekee, kwani asidi ya foliki hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi au kichwa kikubwa, na inatakiwa iwepo mwilini tangu majuma ya kwanza kabisa. Kwake yeye ningependekeza atta ya pakiti yenye nembo ya virutubishi, au mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa ngano ya mashine na unga mweupe ulioongezwa virutubishi, ambao kwa hakika hutoa mkate mwepesi na unaopendwa na watoto. Vidonge anavyopewa kliniki aendelee navyo.

Watoto wadogo wasishibishwe kwa mkate huu peke yake, maana matumbo yao ni madogo na pumba hujaza nafasi ambayo ingefaa kuchukuliwa na uji wenye karanga au yai. Na wachache ambao miili yao haipatani na gluteni waujue kuwa ni mbaya kwao sawasawa na mkate mweupe. Ngano kuwa nzima hakubadilishi hilo.

Kwa gharama, atta ya pakiti hupita unga mweupe kidogo, na ngano ya punje, ukijumlisha nauli na ya kusaga, si rahisi kwa fedha kama inavyodhaniwa, isipokuwa kwa anayeishi karibu na wakulima, kwa mfano Hanang au Siha, au kule Narok upande wa Kenya. Ninachokinunua mara kwa mara, kwa hiyo, ni atta ya pakiti iliyofaulu mtihani wa chekecheo, na ngano ya mashine ninaiacha kwa siku zenye nafasi. Ninunuapo, huchukua pakiti ndogo yenye tarehe ya karibuni, kwa sababu kwenye joto la Dar es Salaam mafuta ya kiini huchacha ndani ya wiki chache, na unga uliochacha hujulikana kwa harufu ya mafuta ya zamani na ukakasi unaobaki kooni. Pakiti ikishafunguliwa, mahali pake ni ndani ya jokofu, kwenye chombo chenye mfuniko unaobana. Mkate wenyewe, kwa kuwa hauna dawa ya kuzuia ukungu, hukaa nje siku mbili, tatu ukijaliwa; uliobaki ukatwe vipande na kugandishwa, kisha vitolewe kwa idadi ya walaji na kuchomwa juu ya kikaango kikavu.